Antena ya bisibisi

Antena ya bisibisi ni antena ya redio inayofungwa kwenye gari na kurekebishwa kwa mota ndogo ya umeme ili itumike katika bendi nyingi za masafa mafupi. Hutumiwa hasa na watu wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujiburudisha, bila malipo. Jina lake limetokana na mota za kwanza zilizotumika, ambazo zilitolewa kwenye bisibisi za umeme zinazotumia betri.

Wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mota ndiyo inayoifanya antena iwe na nguvu. Sivyo. Mota huiwezesha antena fupi kukubaliana na masafa yaliyochaguliwa. Nguvu inayotoka hewani huamuliwa na urefu wa antena, ubora wa koili na jinsi antena ilivyounganishwa na bodi ya gari. Mifano mingi ya makala hii imechukuliwa Tunduma na sehemu nyingine za mkoa wa Songwe, Tanzania, kwa kuwa umbali, milima na mpaka wa huko huonyesha vizuri uwezo wa antena hii na mipaka yake.

Kwa nini antena ya gari huhitaji koili

Urefu wa wimbi la redio kwa mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa yaliyopimwa kwa megahezi (MHz). Kwa masafa ya MHz 7.1, wimbi lina urefu wa mita 42 na ushei. Antena iliyosimama wima juu ya ardhi hufanya kazi vizuri ikiwa na robo ya urefu huo, yaani mita 10.5 hivi. Hakuna gari linaloweza kutembea na mlingoti wa namna hiyo. Ufito wa mita 2.5 ndio unaobebeka, na hata huo hugonga matawi ya miti.

Ufito mfupi kuliko robo ya wimbi hufanya kama kapasita: huzuia mkondo wa umeme usiingie. Ili kuondoa kizuizi hicho huwekwa koili, ambayo tabia yake ni kinyume cha kapasita. Viwili hivyo vikilingana, antena huwa katika resonansi, na mkondo hupita ukikabiliwa na ukinzani wa kawaida tu. Wanafunzi wa kidato cha sita watautambua hapa mzunguko wa LCR wa kwenye vitabu vyao. Ni mfano mzuri kuliko ule wa bembea tunaoutumia sana darasani, kwa sababu hapa koili inaonekana kwa macho na inaweza kupimwa.

Ufito wa mita 2.5 una kapasitansi ya pikofaradi 25 hivi. Katika MHz 7.1 kizuizi chake ni karibu omu 900, na koili ya kukiondoa inahitaji mikrohenri 20. Katika MHz 3.6 zinahitajika mikrohenri karibu 80. Katika MHz 28.4 robo ya wimbi ni mita 2.64 tu, hivyo koili haihitajiki kabisa au huhitajika kidogo sana. Kwa kuwa kila bendi ina koili yake, zamani dereva alilazimika kusimama, kushuka na kubadilisha koili kwa mkono kila alipohama bendi.

Kuna sababu nyingine ya kuhitaji mota, nayo husahauliwa mara nyingi. Antena fupi yenye koili ni nyembamba kimasafa. Ikirekebishwa katikati ya bendi ya mita 40, ambayo katika ukanda wa kwanza wa ITU, ukiwemo Afrika, huanza MHz 7.0 hadi 7.2, hufanya kazi vizuri katika upana wa kilohezi 80 hivi tu. Katika bendi ya mita 80 upana huo hushuka hadi kama kilohezi 25. Kwa hiyo hata asiyehama bendi huhitaji kuirekebisha tena akihama kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho wake.

Jinsi inavyofanya kazi

Chini kuna bomba nene la shaba au alumini. Ndani yake kuna mota ya volti 12 yenye gia za kupunguza mwendo, ambayo huzungusha skurubu ndefu. Skurubu hiyo hupita kwenye nati iliyofungwa kwenye koili. Mota ikizunguka upande mmoja, koili hupanda na kutokeza nje ya bomba. Ikizunguka upande mwingine, hushuka na kumezwa na bomba. Mdomoni mwa bomba kuna vidole vya chuma chepesi vinavyoigusa koili pande zote. Mizunguko ya koili iliyo chini ya vidole hivyo haihesabiki. Iliyo juu ndiyo inayofanya kazi. Hivyo koili ikipanda, masafa ya antena hushuka.

Dereva ana swichi ya kupandisha na kushusha, ambayo hugeuza tu chanya na hasi ya umeme unaokwenda kwenye mota. Hupandisha polepole huku akisikiliza: antena inapokaribia masafa yake, kelele za redio huongezeka ghafla. Kisha hurusha nguvu kidogo, wati 5 au 10, na kutazama mita ya SWR, yaani kipimo kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani inayorudi badala ya kutoka. Namba ikikaribia 1, kazi imekwisha. Antena nyingine huwa na sumaku ndogo kwenye mhimili na swichi ya kuhesabu mizunguko, ili kisanduku cha ndani ya gari kikumbuke mahali pa kila bendi. ATAS-120 ya kampuni ya Yaesu hupokea amri kutoka kwenye redio yenyewe kupitia kebo ileile ya antena.

Kwenye kitako huongezwa koili ndogo kati ya antena na bodi ya gari. Kazi yake ni kulinganisha ukinzani wa antena, ambao katika bendi za chini unaweza kuwa omu 15 tu, na omu 50 za kebo na redio.

Historia kwa ufupi

Antena hii ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia Don Johnson wa Marekani, aliyetumia ishara ya wito W6AAQ. Mchoro wake ulinakiliwa na mafundi wengi, na baadaye kampuni kama High Sierra na Tarheel zikaanza kuuza antena za aina hiyo.

Katika Afrika Mashariki antena inayofanana nayo ilionekana zaidi kwenye magari ya mashirika ya misaada. Ule ufito mnene kwenye bampa ya mbele ya Land Cruiser, uliozoeleka tangu wakati wa wakimbizi wa Rwanda na Burundi katika miaka ya 1990, mara nyingi ni antena ya masafa mafupi inayojirekebisha yenyewe, kama zile za kampuni ya Codan ya Australia. Si zote zenye mota. Nyingine hubadilisha koili kwa rilei zilizo ndani. 

Bodi ya gari ni nusu ya antena

Mkondo unaopanda kwenye ufito lazima uwe na mahali pa kurudia. Kwenye gari mahali hapo ni bodi, na kupitia bodi ni ardhi iliyo chini yake. Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea.

Chukua mfano wa redio ya wati 100 katika MHz 7.1. Ukinzani wa mnururisho, ambao ndio unaogeuza umeme kuwa mawimbi, ni kama omu 1.4 kwa ufito wa mita 2.5 wenye koili chini. Koili nzuri hupoteza nguvu kama ukinzani wa omu 4.5, na bodi pamoja na ardhi tukikadiria omu 8. Jumla ni omu 13.9. Sehemu inayotoka hewani ni 1.4 kwa 13.9, yaani wati 10 katika 100. Zilizobaki hupasha moto koili na udongo. Kwa hesabu hiyohiyo, MHz 3.6 hutoa wati 2, MHz 14.2 hutoa zaidi ya 35, na MHz 28.4 hutoa 80 hivi. Mita ya SWR inaweza kuonyesha 1 safi katika hali zote nne, kwa sababu hupima kama nguvu inarudi, haipimi imekwenda wapi. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo kosa linalowapotosha wanaoanza kuliko yote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni bodi. Boneti, milango, kifuniko cha nyuma na bomba la ekzosi huonekana kama kitu kimoja na gari, lakini bawaba zenye rangi na kutu, na mipira ya kushikilia ekzosi, haipitishi umeme wa redio vizuri. Huunganishwa kwa mikanda mifupi na mipana ya shaba iliyosukwa, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Antena yenyewe hufungwa ili koili yake iwe juu ya bodi, si ubavuni mwake. Antena iliyofichwa nyuma ya bampa ya chini hupendeza macho tu. Nyaya za mota nazo hupitishwa kwenye pete za feraiti karibu na kitako, la sivyo hugeuka sehemu ya antena na kuingiza mawimbi ndani ya gari.

Kutoka Tunduma

Tunduma iko mahali ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya TAZARA huvuka mpaka kuingia Nakonde. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam iko umbali wa kilometa 770 hivi, Lusaka 830, Nairobi karibu 1,000, Sumbawanga 195 na Mbeya chini ya 90.

Mtu angetarajia Mbeya isikike kwa urahisi kuliko zote. Mara nyingi huwa kinyume. Ufito wima hutupa mawimbi chini kuelekea upeo wa macho. Yale yanayotambaa juu ya ardhi huishiwa nguvu upesi, hasa yakikutana na milima. Yale yanayopanda kwenye ionosfia hurudi ardhini mbali. Katikati hubaki eneo linalorukwa. Ndiyo maana gari lililo Tunduma linaweza kusikika Dar es Salaam mchana katika MHz 7, na mwenzake wa Sumbawanga asipate kitu, ingawa yuko jirani.

Dawa yake ni kurusha mawimbi juu wima ili yarudi karibu. Gari likiwa limesimama, ufito unaweza kulazwa kuelekea nyuma na kufungwa kwa kamba, kisha mota ikatumika kurekebisha upya, kwa kuwa kulaza ufito hubadilisha masafa yake. Njia bora zaidi kwa atakayekaa muda mrefu ni kuacha antena ya gari na kutundika waya wa mita 20 kati ya miti miwili. Usiku ionosfia hupungua nguvu, na mawasiliano ya karibu huhitaji MHz 3.5, bendi ambayo antena ya gari ni dhaifu kuliko zote. Kwa mabara mengine hali ni nzuri zaidi: bendi za MHz 21 na 28 zikiwa wazi, antena hii hutoa sehemu kubwa ya nguvu yake hewani, na gari lililoegeshwa juu ya uwanda wa Mbozi linaweza kufika Ulaya.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi hujaza bendi za chini kwa mikwaruzo. Wingu likikaribia, antena hushushwa na kebo kuchomolewa.

Vumbi, matope na usalama

Barabara za udongo za Momba na Ileje huitesa antena yenye sehemu zinazosogea. Vumbi likikaa kati ya vidole na koili, SWR huanza kurukaruka gari likitikisika. Koili hufutwa kwa kitambaa kikavu. Grisi haipakwi hapo, kwa sababu hunasa vumbi. Tundu la kutoa maji chini ya bomba lisizibwe na matope. Kabla ya kwenda safari yenye rasta nyingi, koili hushushwa yote ndani ya bomba.

Katika mfano wa wati 100 hapo juu, volti kwenye koili huzidi 2,000. Atakayeigusa wakati wa kurusha ataungua ngozi. Katika foleni ya malori mpakani, ambako wachuuzi na watoto hupita kati ya magari, haifai kurusha kabisa. Kurekebisha antena hufanywa gari likiwa limesimama, na kamwe si chini ya nyaya za umeme.

Leseni na mpaka

Tanzania leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ishara za wito huanza na 5H. Kabla ya uhuru za Tanganyika zilianza na VQ3 na za Zanzibar VQ1. Anayerusha akiwa kwenye gari huongeza mkwaju na herufi M mwishoni.

Upande wa pili wa mpaka ishara huanza na 9J, na mamlaka ni ZICTA ya Zambia. Leseni ya Tanzania peke yake haimruhusu mtu kurusha akiwa Nakonde, hata kama Tunduma bado anaiona kwa macho. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilirahisisha ukaguzi wa mizigo na abiria, lakini hakikuunganisha leseni za redio. Anayevuka na redio ndani ya gari huomba kibali mapema, hubeba karatasi zake, na huitaja redio kwa ofisa wa forodha kabla ya kuulizwa, kwani antena yenye mota haifichiki.