Parvo ya Mbwa, Parvo ya Binadamu

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anatapika leo, kesho anaharisha damu yenye harufu kali, keshokutwa amekufa. Katika kijiji cha wilaya ya Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, ni rahisi kumshuku jirani kwamba ameweka sumu, hasa kama juzi alilalamika kwamba mbwa huyo anamsumbulia kuku. Na kwa Singida kuku si jambo dogo. Lakini dalili hizo, kwa mbwa wa umri huo, ndizo za parvo, na jirani huenda hana kosa lolote.

Ugonjwa huu ni mgeni duniani. Ulitambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi ukawa umezunguka mabara. Asili yake ni kirusi cha jamii ya paka kilichobadilika kidogo kikapata njia ya kuingia kwenye seli za mbwa. Baadaye kizazi chake kilirudi tena kwa paka: huko Serengeti, damu ya simba na ya mbwa wa vijiji vya jirani imekutwa na kingamwili za parvo.

Virusi vya ukoo huu ni vidogo mno, kipenyo chake nanomita 25 hivi. Udogo huo una gharama, maana havikubeba vifaa vya kunakili vinasaba vyao. Kirusi kikishaingia ndani ya seli hukaa kama mgeni asiye na jiko, kikisubiri wenyeji wawashe moto wao. Moto huo huwaka pale tu seli inapojiandaa kugawanyika. Ndiyo maana parvo hushambulia sehemu za mwili zinazozalisha seli upya bila kupumzika. Kwa mbwa ni utando wa utumbo na uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Utumbo ukichubuka, maji na damu humwagika, na bakteria hupata njia ya kuingia mwilini.

Binadamu naye ana parvo yake, iitwayo B19. Iligunduliwa London mwaka 1975 na Yvonne Cossart, aliyekuwa akipima damu kutafuta homa ya ini aina ya B. Yenyewe huenda moja kwa moja kwenye seli changa zinazozaa chembe nyekundu za damu, na kwa wiki moja hivi uzalishaji husimama. Mtu mwenye afya hata hajui. Chembe zake huishi siku 120, kwa hiyo akiba inatosha. Mtoto hupata mafua, homa kidogo, labda upele ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, kisha anarudi kucheza.

Mwenye selimundu hana akiba hiyo. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu, na uloto ukisimama wiki moja damu huporomoka hadi kuhatarisha maisha. Watafiti walilibaini hilo mwaka 1981. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, kwa hiyo mimi naona B19 inastahili kutajwa kliniki kuliko inavyotajwa. Mjamzito pia awe mwangalifu, kwani kirusi kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumpunguzia damu.

Je, mbwa anaweza kumwambukiza mtoto? Hapana. Parvo ya mbwa haimpati binadamu, na B19 haimpati mbwa. Mtoto wa selimundu huambukizwa na mwenzake anayekohoa darasani.

Chanjo ya B19 bado haipo, lakini ya mbwa ipo, na hapa wengi huchanganya: sindano ya kichaa cha mbwa haikingi parvo. Mwulize afisa mifugo chanjo ya parvo, inayoanza kwenye wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Mbwa akishakufa, mfukie mbali, osha sakafu, kisha ipake jiki, sehemu moja kwa 30 za maji. Spiriti haikiui kirusi hiki, na kwenye udongo wa kivulini kinaweza kukaa miezi. Usilete mbwa mwingine asiyechanjwa katika ua huohuo. Na mtoto mwenye selimundu akipauka ghafla, akachoka na kuhema, usingoje kesho: mpeleke hospitali yenye damu ya kumwongezea.