Songwe na Rekodi Zake: Nani Ajitenge na Nani?

Mkoa mchanga kuliko yote nchini ni Songwe. Ulizaliwa mwanzoni mwa 2016, wakati wa Rais John Magufuli, Mbeya ilipogawanywa, ukawa mkoa wa 26 wa Tanzania Bara na wa 31 ukihesabu na Zanzibar. Hakuna risasi iliyolia wala bendera mpya iliyoshonwa. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Basi Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zikahama, makao makuu yakawekwa Vwawa, mambo yakaishia hapo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,344,687 mkoani.

Huo ndio utengano pekee ambao sheria zetu zinauruhusu. Kwa ule mwingine, ibara ya 20 inazuia hata kusajiliwa kwa chama kinachotaka kuivunja Jamhuri ya Muungano. Lakini mpakani Tunduma hoja ya kujitegemea haikosi msemaji: kwa malori yote haya, kwa nini tuendelee kuomba bajeti? Rekodi za mkoa huu zinatosha kuipima hoja hiyo, nami naanza na ile inayochekesha.

Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Songwe. Uko Mbeya, na ndege zilianza kutua 2012, mkoa wenyewe haujazaliwa. Atakayetaka kuanzisha nchi yake huku ataanza kwa kumwomba jirani ruhusa ya kushuka.

Jiwe la angani zito kuliko yote mkoani ni Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Karibu chote ni chuma, chenye nikeli kidogo, urefu wake kama mita 3, na kimo katika orodha fupi ya vimondo vikubwa kabisa vilivyowahi kuonekana duniani. Watalii wanakijua. Wasichokijua ni kwamba mkoa huohuo una jiwe la pili, dogo na adimu zaidi. Desemba 16, 1938, kule Ivuna, Momba, karibu na Ziwa Rukwa, kilianguka kimondo ambacho kipande chake kilichookotwa kina uzito wa gramu 705 tu, pungufu ya kilo moja ya sukari. Muundo wake wa kikemia unakaribia ule wa Jua kuliko karibu kila jiwe linalojulikana, na vimondo vya aina yake ni vichache mno. Wanasayansi wameliita kundi zima kwa herufi ya kwanza ya Ivuna. Kijiji hicho kilisifika hata kabla ya jiwe: wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta huko mabaki ya utengenezaji chumvi wa karne nyingi zilizopita. Watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kuuza chumvi kabla Tunduma haijaota hata kibanda.

Leo Tunduma ndiyo mji unaokua kwa kasi ya kutisha kuliko mwingine mkoani. Mwaka 2012 ulikuwa na watu wasiofika 100,000. Miaka kumi baadaye wamepita 200,000. Ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Wachenjaji wa kwacha, mawakala wa forodha, mama lishe, bodaboda, madereva na matingo wao: wote wanaishi kwa foleni, na foleni ikinyooka kuelekea kata ya Mpemba wenye chai na chapati hawalalamiki. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na Magufuli na Edgar Lungu wa Zambia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili.

Hapa ndipo hesabu za kijiweni zinapopotea. Foleni ndefu kuliko zote ndiyo inayochangia ushuru mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mzigo wa mpito haulipi ushuru wa kuingia Tanzania. Unapita chini ya dhamana, na kodi yake inalipwa Zambia au Kongo. Kinachokusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) pale Tunduma kinakwenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Halmashauri ya mji inabaki na leseni na ushuru wa masoko, huku barabara zake zikipondwa na magari yaliyobeba shaba ya watu wengine.

Na mji huu ulinenepeshwa na utengano uliofanyika mbali nao. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia kinyume cha matakwa ya Uingereza. Zambia, iliyozoea kupitisha shaba na mafuta yake kusini, ikabanwa koo. Ikageukia Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, likaanza kazi. Barabara kuu ikatiwa lami. Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati ya 1970 na 1975. Kufikia 1973 mataruma yalikuwa yamefika Tunduma. Ubishi wa Smith ukaigeuza njia ya ng'ombe na wachuuzi wa mahindi kuwa lango la nchi.

Utengano uliokuwa na mali kuliko wote katika ukanda huu ni wa Katanga. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe akatangaza kuwa jimbo lake limejitoa. Alikuwa na shaba, kobalti, urani ya Shinkolobwe iliyokwisha kutumika katika bomu la Hiroshima, fedha yake mwenyewe na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière nyuma yake. Kwa utajiri ule, hoja ya kujitegemea haijawahi kuwa na mtetezi mwenye mfuko mzito zaidi. Hakuna taifa hata moja lililomtambua. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa huko Januari 1961; Septemba mwaka huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kuzungumza na Tshombe. Januari 1963 yote yalikwisha. Mwaka 2015 jimbo lenyewe likakatwa vipande vinne, na shaba ya Kolwezi na Lubumbashi, mji wa Kiswahili kama Tunduma, sasa inapita kwetu kwenda bandarini.

Songwe nayo ina mali ya ardhini: madini adimu ya Ngwala, heliamu ya Itumbula, makaa ya mawe ya Kabulo, dhahabu, na kahawa ya Mbozi inayowalipia watoto ada. Lakini ukilinganisha na Katanga, hizi bado ni ahadi zaidi kuliko fedha, kahawa na dhahabu zikiwa kando. Utajiri unaoonekana kila siku ni wa njia, na njia ina wenyewe watatu: Dar es Salaam upande mmoja, Zambia na Kongo upande wa pili. Sasa Angola nayo inaifufua reli ya Lobito ili shaba hiyohiyo itokee Atlantiki. Anayeweka kizuizi kipya Tunduma leo anaipigia Lobito debe bila malipo.

Kwa hiyo tuzo ya hoja dhaifu kuliko zote inakwenda kwa Songwe inayojitegemea. Hoja yenye nguvu haijapata watetezi wa kutosha: sehemu ya makusanyo ya mpakani ibaki Tunduma, kwa ajili ya maegesho ya malori, maji na barabara za mitaa. Hiyo haihitaji bendera. Inahitaji madiwani na wabunge waibebe hadi Dodoma, nanyi wapiga kura wa Tunduma mwaulize kila mmoja wao ameifikisha wapi.