Zabibu, Reli na Maji ya Bamvua

Mtaani kwetu Ntinda, katika jiji la Kampala, ambako honi za matatu na ngurumo za bodaboda huanza kabla ya alfajiri na kuendelea hata usiku wa manane, mume na mke waweza kukaa nyumba moja miaka thelathini wasipate saa moja ya kuzungumza pasipo kukatizwa. Majirani hutuita Ssalongo na Nnalongo, kama ilivyo ada ya Buganda kwa wazazi waliojaliwa pacha. Na pacha wetu walipokuwa watu wazima wakaenda kujitegemea, tulitambua kwamba maneno yaliyobaki baina yetu yalikuwa machache mno: bei ya mkaa, bili ya umeme, nani amefiwa. Ndipo jioni moja mwenzangu alipoweka kikombe chini akasema, "Ssalongo, tangu unioe sijapanda gari la moshi pamoja nawe."

Neno lile lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na wazee wetu walikuwa wakikata tikiti hapa na kushuka pwani. Lakini treni za abiria za masafa marefu zilikoma mwaka 1997. Mnamo Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 hivi kutoka Malaba hadi Kampala, nasi twaiombea kheri kazi hiyo. Ila mtu ambaye kichwa chake kimeota mvi hana budi kwa sasa kuiendea reli ya jirani. Kenya wanayo ya Nairobi na Mombasa tangu 2017, na ni nzuri. Sisi tulichagua ya Tanzania, kwa sababu mwanzo wake una mashamba ya zabibu na mwisho wake una bahari.

Nasema mwanzo ni Dodoma kwa kuwa tuliingia kwa njia ya nchi kavu, mpaka wa Mutukula, kwa basi. Na safari ya basi ni safari ya basi, haihitaji maelezo. Lenye kuhitaji maelezo ni wakati wa kwenda, ambao watu wengi huuchagua kwa kutazama likizo ya kazini peke yake. Mzabibu una kalenda yake na bahari ina kalenda yake, na anayezipuuza hukuta matawi matupu na maji yaliyomeza ufuo. Tulikwenda Agosti, mwezi wa mavuno, wakati wa pepo za kusi, tukihesabu siku ili tufike pwani mwezi ukiwa mpevu. Tikiti ya treni ndiyo iliyofuata hesabu hizo.

Dodoma ni nchi kame, iliyoinuka zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, inayopata kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha katika msimu mmoja tu. Ukame huo, ambao kwa mahindi ni msiba, kwa mzabibu ni neema, kwa maana unyevu mwingi huleta ukungu wa maradhi, na jua kali huzidisha sukari ndani ya tunda. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walioanzisha kilimo hicho katika miaka ya 1950 walitaka divai ya misa. Leo zabibu hulimwa na wakulima wadogo na wakubwa katika vijiji vingi, Hombolo na Makutupora vikiwamo, na Makutupora kuna kituo cha utafiti, na aina moja ya zabibu nyekundu imechukua jina la mahali pale.

Mkulima aliyetukaribisha alitwambia jambo nililolitafakari siku nyingi. Katika nchi za baridi, kama Ufaransa na Italia, mzabibu hulala usingizi majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka; huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo ni mkasi wa mkulima unaouambia uanze upya. Akiukata matawi, huchipua, na baada ya miezi minne hivi huvunwa. Hivyo mti mmoja huvunwa mara mbili kwa mwaka. Alikata kishada, akakilaza kiganjani mwa mke wangu. Juu ya kila tunda palikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda, ambalo Nnalongo alitaka kulifuta kwa kanga. "Usifute, mama," yule mzee akamwambia, "hiyo ndiyo nguo yake."

Katika kiwanda cha divai tulionyeshwa jinsi zabibu zinavyopondwa, na jinsi hamira inavyoigeuza sukari kuwa kileo ndani ya mapipa makubwa ya chuma yaliyopozwa. Rangi ya divai nyekundu haitoki katika maji ya tunda, ambayo mara nyingi ni meupe, bali katika maganda yaliyoachwa yarowe humo kwa siku kadhaa. Mwenzangu alisikiliza kwa makini ya mtu anayeijua kazi, maana alikulia katika nyumba iliyopika tonto: ndizi za mbidde hukandwa kwa miguu pamoja na nyasi, hutiwa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kinywaji huwa tayari kwa siku moja au mbili. Alimweleza fundi wa kiwanda habari hizo, na fundi akaacha kutueleza, akawa yeye ndiye mwenye kuuliza. Ama msomaji ambaye dini yake haimruhusu kileo, asidhani kwamba hana fungu Dodoma. Zabibu mbichi huuzwa barabarani, na utamu wake watosha kuwa sababu ya safari.

Kisha tukapanda treni, ile ambayo watu huiita Mchongoko kwa ajili ya pua yake iliyochongoka. Kiganda na Kiswahili vimeliita gari la reli kwa moshi wake, eggaali y'omukka na gari la moshi, na hili letu lilikwenda kwa umeme, bila moshi wala kishindo, kwa mwendo uwezao kufika kilomita 160 kwa saa. Treni za Dodoma na Dar es Salaam zilianza kuchukua abiria Julai 2024, na njia ambayo kwa reli ya kale ilikula usiku mzima sasa humalizika chini ya saa nne. Reli hiyo ya kale, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, tuliiona chini yetu upande wa Kilosa, ikifuata bonde la mto Mkondoa ambao mafuriko yake yameikata mara nyingi. Reli mpya imepita kwa mahandaki na madaraja. Baada ya giza la handaki ukaja uwanda wa Mkata, kisha milima ya Uluguru iliyovaa mawingu mabegani.

Nnalongo alikaa dirishani. Kabla ya Morogoro alianza kunisimulia jinsi, akiwa mtoto, alivyolala juu ya mizigo katika stesheni ya Tororo, mama yake akiwa amemshika kifundo cha mguu usiku kucha asije akapotea. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia jambo hilo. Nyumbani ningelijibu haraka nikaenda kufunga lango. Pale sikuwa na pa kwenda, nikasikiliza mpaka mwisho.

Tuliposhuka Dar es Salaam tulikwenda Bagamoyo, iliyo kilomita sabini hivi kaskazini. Sisi wa ziwani, tuliozoea maji ya Nyanza yasiyoondoka mahali pake, tulihitaji kufundishwa bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa karibu dakika hamsini kila siku; mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, ambapo maji huenda mbali na kurudi kwa nguvu, na baina yake huja maji mafu. Siku za bamvua pwani ile hupwa yapata saa nne asubuhi, nayo ndiyo saa ya kutembea. Tulipita penye Boma la Kijerumani na soko la samaki, tukashika ufuo kuelekea Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi, mchanga ukiwa mgumu chini ya nyayo na ngalawa zimelala ubavu. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya kumi na tatu na makaburi yenye nguzo, na mikoko imeota mahali ambapo zamani vyombo vilitia nanga.

Tulikaa kivulini mno. Tulipotaka kurudi, njia yetu ya asubuhi ilikuwa bahari. Mvuvi mmoja alituonyesha njia ya juu, katikati ya minazi, na Nnalongo akasimama kwanza akiyatazama maji pale zilipokuwa nyayo zetu. "Ssalongo," akasema, "hesabu mwezi mpevu mwingine ni lini."