ANWANI MPYA ZA INTANETI NA MAFUNZO YA WATUNGA PROGRAMU

Itifaki ni mapatano ambayo kwayo kompyuta mbili hufahamiana. Itifaki ya intaneti iitwayo IPv4 ilitangazwa mwaka 1981, na anwani zake ni za biti 32. Kwa hesabu hiyo anwani haziwezi kuzidi 4,294,967,296, na akiba kuu ya dunia ilikwisha gawiwa mwezi wa Februari, 2011. Itifaki ya kuirithi, yaani IPv6, iliandikwa kwanza mwaka 1995, nayo ina anwani za biti 128. Lakini itifaki hizi hazisikilizani: kompyuta yenye anwani ya kale tu haiwezi kusema moja kwa moja na ile yenye anwani mpya tu. Ndiyo maana zote mbili zingali zikitumika pamoja.

Hudhaniwa aghalabu kwamba mabadiliko haya ni kazi ya mafundi wa mitambo peke yao. Sivyo. Programu nyingi za zamani zimefungamana na umbo la anwani ya kale: zimetenga nafasi ya herufi 15 tu za kuiandika, hali anwani mpya yaweza kufika 39. Kwa hiyo mtunga programu hana budi kufundishwa upya.

Somo la kwanza ni la maandishi. Anwani mpya huandikwa kwa mafungu manane yaliyotengwa kwa alama ya nukta mbili, na mfululizo wa mafungu ya sifuri waweza kufupishwa. Hapo hutokea jambo ambalo mwanafunzi wa lugha atalitambua mara moja, yaani neno moja lenye tahajia nyingi. Maandishi 2001:DB8:0:0:0:0:0:1, 2001:0db8::1 na 2001:db8::1 yote ni anwani moja. Programu ilinganishayo maandishi matupu itaziona kuwa tatu; basi aliyekatazwa aweza kupita kwa tahajia nyingine, na mwenye haki akazuiwa mlangoni. Mwaka 2010 ilitolewa kanuni RFC 5952 ya kusanifisha tahajia hiyo: herufi ziwe ndogo, sifuri za mbele ziachwe, na mfululizo mrefu kupita yote wa mafungu ya sifuri ufupishwe. Kazi hiyo yafanana na ile ya kusanifisha Kiswahili iliyopewa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Hata hivyo, programu njema hupokea kila tahajia iliyo halali, huandika moja tu, na hulinganisha biti zenyewe.

Tena, nukta mbili ilikuwa imezoeleka kutenga anwani na namba ya mlango. Ili pasiwe na utata, anwani mpya hutiwa katika mabano ya mraba, kama [2001:db8::1]:443.

Somo la pili ni la majina. Amri ya zamani, gethostbyname, kwa kawaida huleta anwani za kale tu. Getaddrinfo huleta orodha ya aina zote mbili. Yafaa programu izijaribu zote, wala isikate tamaa ya kwanza ikikataa. Kanuni RFC 8305 ya mwaka 2017 yashauri jaribio la pili lianze baada ya muda mfupi sana, bila ya kungoja la kwanza lishindwe, ili mtumiaji asikawizwe.

Somo la tatu ni la majaribio. Penye itifaki zote mbili kosa hujificha, kwa kuwa njia ya kale huiokoa programu. Hapana budi kuijaribu katika mtandao wa IPv6 peke yake. Kampuni ya Apple iliyashurutisha hayo kwa programu za duka lake tangu Juni, 2016.

Katika kufundisha haya kwa Kiswahili, uteuzi wa istilahi si jambo dogo. Mwalimu asemaye “namba ya kompyuta” apotosha mara mbili: mwanafunzi atadhani ni namba ya kawaida ya kuhifadhiwa kama nyingine, na kwamba kila kompyuta ina moja tu. Katika IPv6 kompyuta moja huwa na kadhaa. Neno “anwani” halina kasoro hiyo, kwani mtu mmoja aweza kupatikana kwa anwani zaidi ya moja, naye akabaki yuleyule.