Mvuke wa Olkaria na Nguvu za Atomiki

Mtu apitaye kusini ya Ziwa Naivasha huona mawingu meupe yakipanda usiku na mchana. Huo si moshi, bali ni mvuke utokao katika visima vya Olkaria, ambavyo vingine vimefika chini ya ardhi karibu kilomita tatu. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa hapo katika miaka ya 1950, lakini mvuke haukutosha, na kazi ikaachwa. Ilianzwa tena katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mashine ya kwanza, yenye nguvu za megawati 15, ikatoa umeme. Siku hizi mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya sehemu mbili kwa tano za umeme wa Kenya, na kule Menengai, juu ya mji wa Nakuru, mtambo wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023.

Tangu mwaka 2010 Serikali imekuwa ikitengeneza pia mpango wa nguvu za atomiki. Nguvu hizi mbili ni kama ndugu. Ndani ya tanuri la atomiki, viini vya madini ya urani hupasuliwa. Kupasuka huko hutoa joto kali, joto huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine kama zile za Olkaria. Hata joto lililo ndani ya dunia, kwa sehemu kubwa, hutokana na urani na madini mengine kama hayo yakichakaa polepole. Lakini Olkaria moto umekwisha kuwashwa na maumbile, wala hauachi majivu ya kulindwa. Urani iliyotumika katika tanuri hubaki na hatari kwa maelfu ya miaka.

Sifa yao kubwa ni kwamba hazingoji hali ya hewa. Mashine 365 za upepo karibu na Ziwa Turkana zaweza kutoa megawati 310, lakini upepo ukitulia hazina kitu. Jua nalo hutua. Na mabwawa ya Mto Tana hupungua maji wakati wa ukame.

Basi mbona tanuri hilo lisijengwe Nakuru? Tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko kubwa lilipasua ardhi huko Subukia. Nyufa zile zile za Bonde la Ufa zipandishazo mvuke ndizo zinazolifanya kuwa mahali pabaya pa tanuri la atomiki, ambalo pia huhitaji maji mengi mno ya kulipoza. Kwa hiyo macho yalielekea Uyombo, pwani ya Kilifi, ambako watu waliandamana mwaka 2024 wakihofia uvuvi wao na ardhi yao. Baadaye ikatajwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Hofu ya ardhi si ya atomiki peke yake: mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria ili kupisha kazi ya mvuke.

Jambo gumu zaidi ni ukubwa. Katika stesheni ya Koeberg, Afrika ya Kusini, iliyoanza kazi mwaka 1984, kila tanuri hutoa zaidi ya megawati 900. Kenya nzima, saa za jioni ambapo taa zote zimewashwa, hutumia megawati elfu mbili na kidogo. Tanuri moja la namna hiyo likizimika ghafla, zaidi ya theluthi ya umeme wa nchi ingepotea mara moja. Ndiyo sababu wataalamu wengi hutazama matanuri madogo, ingawa hayo bado ni machache sana duniani.

Tena kuna usiku wa manane. Viwanda vingi vikiwa vimefungwa na watu wamelala, matumizi hushuka sana, hata mara nyingine mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa kukosa wa kuutumia. Tanuri la atomiki nalo hupenda kuwaka kwa kiasi kile kile saa zote. Ikiwa litajengwa kabla ya kupatikana viwanda vya kufanya kazi usiku, litashindana na mvuke huo huo, na gharama yake italipwa na mwenye kununua umeme.