Nchi Iliyo Nje ya Wodi

Muuguzi aliyetoka Kakamega au Machakos akipangiwa wodi ya mapafu huko Wales kusini, haitachukua muda atamhudumia mzee aliyewahi kuchimba makaa ya mawe. Faili itamweleza kwamba vumbi limeyaharibu mapafu ya mzee huyo, na kwamba akitembea hatua chache oksijeni inashuka. Haitamweleza shimo alilofanyia kazi lilikuwaje. Wala haitamweleza kwamba nyumba anayotamani kurudi ni mojawapo ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta kwenye mteremko wa bonde, nyembamba, ngazi zake zimesimama kama za dari, na chumba cha kulala kiko juu. Siku daktari anapoamua mzee aruhusiwe kwenda nyumbani, muuguzi asiyewahi kuingia nyumba ya namna hiyo atauliza kama mgonjwa anaweza kutembea. Aliyewahi kuingia atauliza kama anaweza kupanda ngazi, na oksijeni yake itakaa wapi.

Wauguzi ninaowaandaa kwa safari ya Uingereza huniuliza zaidi kuhusu mitihani na mshahara. Ni haki yao kuuliza. Lakini ninalowasisitizia kuliko yote ni kwamba kuizunguka nchi wanakokwenda ni sehemu ya uuguzi, na inastahili kutengewa muda na pesa mapema kama mtihani unavyotengewa.

Kuhusu njia ya kufika huko, nieleze kwa ufupi. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, yakiwalenga hasa wauguzi waliohitimu wakakosa ajira nyumbani. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza: waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi huko, ingawa mtu mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, hudai kwanza uthibitisho wa Kiingereza, kisha mtihani wa kompyuta unaofanywa kabla ya kusafiri kwa pauni 83, kisha mtihani wa vitendo uitwao OSCE, unaofanyika Uingereza kwenyewe kwa pauni 794. Waajiri wengi huulipia huo wa pili. Mtihani huo una vituo kumi, na katika vinne kati ya hivyo unampima mgonjwa, unapanga huduma, unaitekeleza na kuitathmini huku msahihishaji akitazama. Wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi huko, achana naye. Sheria ya Uingereza inamkataza kumtoza mtafuta kazi.

Marekani wapo wauguzi wanaohama hospitali kila mkataba wa wiki 13 unapokwisha, leo Texas, kesho Alaska. Muuguzi mgeni nchini Uingereza hana uhuru huo, kwa sababu viza yake imefungamana na mwajiri aliyemdhamini. Anayetaka kuiona nchi ataiona akiwa na kituo kimoja cha kazi, na ufunguo wake ni ratiba ya zamu.

Basi tuisome hiyo ratiba. Katika hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, huko England, wiki ya kazi ni saa 37.5. Zamu ndefu ya mchana huanza kama saa moja au moja na nusu asubuhi na kuisha mwendo wa saa moja na nusu au saa mbili usiku. Ukiondoa mapumziko yasiyolipiwa, saa za malipo hubaki kama 11.5. Kwa hiyo wiki nyingi utafanya zamu tatu, na mara mojamoja nne. Sasa tazama: zamu zako zikipangwa Jumatatu hadi Jumatano wiki hii, na Ijumaa hadi Jumapili wiki ijayo, katikati unapata siku nane mfululizo bila kugusa likizo. Maombi ya zamu huandikwa kabla msimamizi wa wodi hajafunga ratiba, na ratiba hufungwa wiki kadhaa mbele. Wageni wengi hukaa kimya kwa adabu, wakidhani kuomba ni kujitakia makuu, huku wenyeji wakijaza nafasi. Omba.

Likizo nayo ina hesabu yake. Anayeanza kazi hupata siku 27 pamoja na sikukuu nane za taifa. Baada ya miaka mitano siku hizo 27 huwa 29, na baada ya kumi huwa 33. Lakini kwa mfanyakazi wa zamu hesabu hufanywa kwa saa. Siku 35 mara saa 7.5 ni saa 262.5, na zamu moja ndefu inakula 11.5. Hizo ni zamu zisizofika 23. Aliyepiga hesabu ya siku 35 hustuka Januari inapofika akitaka kwenda nyumbani kuwaona wazazi na kukuta saa zimekwisha. Na zamu za usiku zikiisha, siku ya kwanza si ya kusafiri kwa gari la kuendesha mwenyewe. Usingizi wa asubuhi ile ni hatari barabarani. Lala kwanza, au panda treni.

Ukishapata siku, nenda wapi? Mimi hushauri kuanza na mahali wagonjwa wako walikotoka. Kwa aliye Wales, hapo ni Blaenavon, kwenye mgodi wa Big Pit uliofungwa mwaka 1980 na kufunguliwa tena mwaka 1983 kama makumbusho. Unavaa helmeti yenye taa, unashushwa mita 90 chini ya ardhi, na wanaowaongoza wageni humo ni watu waliowahi kuchimba. Kuna wakati taa zote huzimwa ili mjue giza la mgodini. Muuguzi aliyesimama kwenye giza hilo atamsikiliza tofauti mzee wake akianza kusimulia kazi yake. Na mzee akigundua kwamba nesi wake ameshuka mgodini, ataeleza mengi zaidi, hata maumivu aliyokuwa akiyaficha. Historia nzuri ya mgonjwa hupatikana hivyo.

Si mbali na hapo ni Tredegar. Wachimbaji wa mji huo walikuwa wakichangia sehemu ya mishahara yao katika chama kilicholipia matibabu yao na ya familia zao. Mkenya yeyote ataiona harambee hapo. Aneurin Bevan, mzaliwa wa Tredegar aliyeingia mgodini angali mtoto, ndiye aliyekuja kuwa waziri wa afya, na NHS ikaanza tarehe 5 Julai 1948. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini wazee wa huko huitetea huduma hiyo kwa uchungu, hata wanapolalamika kwamba wamengoja saa nyingi mapokezi.

Kwa aliyeajiriwa Glasgow au Sunderland, somo liko kwenye mito Clyde na Wear, ambako meli ziliundwa kwa vizazi. Asbesto ilitumika sana katika kazi hiyo hadi ikapigwa marufuku kabisa mwaka 1999, na saratani ya utando wa mapafu inayoletwa nayo huweza kuchelewa miongo kadhaa kujitokeza. Wake waliofua nguo za kazi za waume zao nao wamo hatarini. Mama mzee aliyekuja na maji yaliyozunguka mapafu anastahili kuulizwa mumewe alifanya kazi gani, na swali hilo humjia haraka zaidi aliyetembea kando ya mito hiyo.

London pia ina la kwetu. Katika viwanja vya hospitali ya St Thomas', mkabala na Bunge, yapo makumbusho ya Florence Nightingale. Hapohapo, tangu mwaka 2016, imesimama sanamu ya Mary Seacole, mwanamke wa Jamaika aliyewatunza askari katika vita vya Krimea. Naomba kila muuguzi Mwafrika aende akasimame mbele yake. Kuna siku mgonjwa atakukataa kwa sababu ya rangi yako. Jambo hilo hutokea, linaumiza, na linapaswa kuripotiwa kwa msimamizi siku hiyohiyo. Kujua kwamba walikutangulia wengine, wakafanya kazi kwa heshima na sasa wamesimamishiwa sanamu, kunasaidia kurudi kazini kesho yake.

Baadaye ndipo nenda milimani. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia ambazo umma una haki ya kupita, hata zikikatiza shamba la mtu. Funga tu kila geti ulilofungua. Aliyekulia chini ya Mlima Kenya wenye mita 5,199 ataudharau Scafell Pike, kilele cha juu kabisa cha England, chenye mita 978. Asiudharau. Ukungu na mvua ya baridi hushuka ghafla, na watu hupotea huko kila mwaka. Na kutoka nje si kwa ajili ya mandhari tu: Desemba jua la London hukaa angani kama saa nane tu, maana yake mwenye zamu ndefu huingia gizani na kutoka gizani. Huko hushauriwa watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Usipuuze, na siku yako ya mapumziko toka nje mchana.

Najua kinachowazuia wengi. Nyumbani kuna karo, kuna mama anayehitaji dawa, kuna nyumba iliyosimamia kwenye lenta, na kila zamu ya ziada ina bei yake kwa shilingi. Nimewaona wenzangu walioishi huko miaka mingi wakiijua njia moja tu, ya kutoka chumbani hadi wodini, na miili yao imechoka kabla ya wakati. Sheria inaweka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, na mfanyakazi anaweza kutia saini kukiondoa. Usiisaini fomu hiyo kwa sababu tu imewekwa pamoja na nyingine siku ya kwanza. Waeleze watu wa nyumbani mapema kiasi utakachoweza kutuma, ukiwa umeshatoa nauli ya kutembea.

Mwisho, pasipoti. Viza ya Uingereza haikufikishi Paris. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kisiwa cha Ireland. Belfast ni sehemu ya Uingereza na unaweza kwenda kwa feri au ndege bila ombi lolote jipya. Lakini ukipanda basi hapo kwenda Dublin, hutaona kizuizi mpakani wala askari. Alama za barabarani tu zitabadilika kutoka maili kuwa kilomita. Utakuwa umeingia nchi nyingine bila kibali, na kosa hilo linaweza kuvuruga viza inayokuweka kazini. Omba viza ya Ireland kwanza, na utunze risiti ya ombi pamoja na barua ya mwajiri.