Maji ya Haraka Hayana Baraka

Hapa Luena majira ya mvua huanza karibu na mwezi wa Oktoba, yakaendelea hata Aprili. Mvua ikinyesha juu ya mabati na njia zilizokanyagwa, maji hayapati nafasi ya kuingia ardhini. Hukimbilia kijitoni kwa nguvu, yakabomoa kingo na kuchukua udongo mzuri. Kiangazi kikifika, kijito hicho hicho hupungukiwa maji. Ndio ugonjwa wa vijito vingi vya mijini duniani.

Yuko mnyama mmoja, asiyepatikana Afrika, ambaye Muumba amempa dawa yake. Jina lake ni biva. Waliosoma Kifaransa humjua kama castor. Hukata miti kwa meno yake, akaziba kijito kwa vijiti, mawe na matope. Nyuma ya kizuizi hicho maji hutulia, udongo hutuama, na ardhi hunywa polepole. Huko Uingereza biva walimalizwa na wawindaji yapata miaka 400 iliyopita. Mwezi wa Oktoba 2023 jamaa moja ya biva watano ilipelekwa Paradise Fields, magharibi ya mji wa London, kwa tumaini kwamba kazi yao itapunguza mafuriko ya mitaa ya jirani.

Je, nasi tuzibe vijito vyetu vivyo hivyo? Tufikiri kwanza. Katika nchi yetu maji yaliyotuama huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Wakamba wa Machakos na Kitui, nchini Kenya, wana njia ifaayo zaidi. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu, penye mwamba chini. Mafuriko huleta mchanga nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo, mbali na jua na mbu. Wakati wa ukame watu huchimba humo wakateka maji.

Kazi hiyo hutaka fundi na mto wenye mchanga. Lakini kila jamaa yaweza kuanza nyumbani: tuchimbe mifereji ya kukinga mteremko, tupange mawe katika vikorongo vingali vidogo, tupande majani na miti kandoni mwa kijito, tusilime hata ukingoni, wala tusitupe taka majini. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituhimiza kuitunza dunia kuwa nyumba yetu sote. Jirani aliye chini ya mteremko hupokea maji tuliyoyaachilia sisi. Basi tumpelekee maji yaliyotulia.